Mdahalo wa Ijumaa umebaki jina tu, tuufufueje?

ChakiNyeupe:
Wakuu, sekondari ya kata, Kidato cha Pili, wanafunzi 45, vipindi viwili vya dakika 40 kila Ijumaa. Mdahalo upo kwenye ratiba, ila wanaongea walewale wanne na wengine kazi yao makofi. Mada ndiyo zile za "elimu ni bora kuliko pesa". Nataka uende na mafunzo ya uraia. Naanzia wapi?

MwanaMimbari:
Anza na mada. Hiyo yako haina uamuzi ndani yake, ndiyo maana watoto wanakariri hotuba walizorithi kwa kaka zao. Weka jambo linaloweza kutekelezwa: "Viranja wachaguliwe kwa kura ya siri badala ya kuteuliwa na walimu." Itangaze Jumatatu, lakini nani anaunga mkono na nani anapinga iamuliwe kwa sarafu Ijumaa asubuhi. Hapo hakuna ujanja, kila msemaji ataandaa hoja za pande zote.

Muda: dakika 10 za kanuni na kura ya kwanza; wasemaji wakuu wanne, 4 kila mmoja; wachangiaji 14, 2 kila mmoja; 5 za kujipanga; majibu, 3 kila upande; 10 za kura ya pili na maoni ya mwalimu. Zinabaki 5, na zitaliwa na madawati. Wachangiaji wachomolewe kwa namba kwenye kopo, na namba iliyotoka isirudi mpaka kopo liishe. Ndani ya wiki tatu darasa zima limesimama.

KopoLaKura:
Makofi yasiamue mshindi, yanampa mwenye sauti. Kila mwanafunzi apewe punje moja ya hindi (naunga mkono) na moja ya haragwe (napinga). Moja anaitia kwenye kopo la kura, iliyobaki kwenye kopo la pili. Makopo yafunikwe kitambaa na chini utandike gazeti, maana punje ikigonga bati jirani anasikia umeanza kopo lipi. Hesabu za makopo mawili lazima ziwe kinyume: tuseme kura ya kwanza, huku mahindi 31 na maharage 14, kule mahindi 14 na maharage 31. Zisipokuwa hivyo, mtu katia zote mbili kopo moja. Kura ya mwisho ikiwa 24 kwa 21, mada imepita, lakini wapingaji wamevuta watu 7 na ndio washindi wa mdahalo. Tofauti hiyo ieleze taratibu, hapo ndipo uraia unapoingia.

Lugha: kama mkuu wa shule anadai Kiingereza, wapewe wasemaji wakuu wanne. Wachangiaji waachie Kiswahili, la sivyo utarudi kwa walewale.

ChakiNyeupe:
Shukrani. Na siasa? Wazazi wataniuliza.

MwanaMimbari:
Majina ya vyama na wagombea yasitajwe, mwenyekiti wa mdahalo amkatishe anayetaja papo hapo. Sera ijadiliwe. Wewe mwenyewe usiseme uko upande gani hata baada ya kura. Wakishajua, wiki ijayo watakuimbia wimbo wako.

Kama mko kijijini, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu na husomewa mapato na matumizi. Walio chini ya miaka 18 si wajumbe, kwa hiyo muombe mwenyekiti wa kijiji mapema wakae pembeni wasikilize. Wape kazi moja: kila mmoja aandike swali lililoulizwa na jibu lililotolewa. Swali lililokosa jibu ndiyo mada ya Ijumaa.