Msaada wa picha: meza yangu ya treni inatoka kama mchezo wa watoto

MwanaNgamiani
Habari za jioni wadau. Nipo Tanga mjini. Meza yangu ya treni ya mfano ni plaibodi ya milimita 9, sentimita 120 kwa 60, uwiano wa 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi. Ni kipande cha njia ya reli ya Usambara, ile inayoanzia Tanga: stesheni ndogo, njia ya pembeni ya kupakilia katani, na shamba la mkonge nyuma yake. Nataka kuwatumia picha wapenzi wenzetu wa reli ndogo, ila hazifai kutumwa. Napiga kwa simu ya megapikseli 50, chini ya taa mbili za LED, moja nyeupe na moja ya njano. Kichwa cha treni kinatoka safi, lakini kuanzia behewa la tatu kwenda nyuma ni ukungu mtupu. Kuna michirizi myeusi inayokata picha, na majani ya upande mmoja yanageuka njano. Kubwa kuliko yote, ukiitazama tu unajua ni kitu cha mezani. Nianzie wapi?

Taruma
Mkuu, anza na hilo la mwisho. Mtu mzima akisimama stesheni, macho yake yako kama mita 1.6 kutoka chini. Gawa kwa 87, unapata milimita 18. Wewe ukishika simu nusu mita juu ya meza, kwa kipimo cha treni yako uko mita 43 angani, na hakuna abiria anayeliona behewa kutoka huko.

Pindua simu kichwa chini ili lenzi iwe upande wa meza. Iegemeze kwenye kimfuko cha mchele wa nusu kilo, lenzi ikae kama sentimita 2 kutoka kwenye usawa wa reli. Weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 3, kwa sababu kidole kikigusa skrini simu inatikisika. Lenzi pana ya 0.5 iache kabisa: inavuta kingo, nguzo zinainama, na kichwa cha treni kinavimba pua. Angalia pia simu yako isihamie kwenye lenzi hiyo yenyewe unaposogea karibu. Simu nyingi hufanya hivyo, na alama yake ni picha kuruka kidogo kwenye skrini.

Ukishuka hapo utaona mengi yaliyokuwa yamejificha: nyuzi za gundi, vumbi juu ya paa la behewa, jengo linaloelea nusu milimita juu ya ardhi. Vumbi liondoe kwa brashi laini kabla ya kila picha. Pengo chini ya jengo lijaze mchanga mkavu kwanza, piga, tazama, ndipo utie gundi.

Fundi wa Chumbageni
Michirizi ni ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na LED za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ikiwa fupi kuliko mzunguko huo, sehemu ya picha inakuta taa imefifia. Ingia kwenye hali ya Pro ya kamera, weka shata 1/50 au 1/100 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 50 hadi 100. Picha ikiwa nyeusi, ongeza taa ya aina ileile. Usipandishe ISO, utapata chengachenga kwenye vivuli.

Rangi: zima taa ya njano. Taa mbili tofauti haziwezi kusawazishwa pamoja, ukirekebisha upande mmoja unaharibu mwingine. Baki na nyeupe, weka karatasi nyeupe pale treni ilipo, kisha rekebisha sehemu iliyoandikwa WB mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli.

Mzee wa Behewa
Kuhusu ukungu wa nyuma, ondoka karibu. Ukipiga kutoka sentimita 15 kisha ukarudi hadi 45, sehemu inayotoka wazi bila ukungu inaongezeka sana, na hata ukikata picha ili treni ijae kama mwanzo bado unabaki na takriban mara tatu ya ulichokuwa nacho. Megapikseli 50 zinabaki kama 5 na nusu. Kwa picha ya kutazamwa kwenye simu hizo zinatosha na kuzidi. Fokasi (pale kamera inapolenga patoke wazi) iweke theluthi ya kwanza ya treni, siyo kwenye pua.

Taruma
Mzee, hesabu yako ni sahihi, ila ukirudi nyuma mabehewa yanabanana na ile hisia ya kusimama kando ya reli inapotea. Kwa treni inayokuja kuelekea kamera, bora abaki karibu, simu isiguswe, apige picha 6 au 7 akihamisha fokasi kutoka pua hadi behewa la mwisho, kisha aziunganishe kwa programu ya kuunganisha fokasi. Treni na taa visisogee hata nywele moja, la sivyo kingo zitatoka mbili mbili.

Mzee wa Behewa
Kwa treni inayokuja, sawa. Kwa picha ya ubavuni, rudi nyuma ukate.

Bi Katani
Kaka, meza ya sentimita 120 inabebeka. Itoe nje saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua ni taa moja, vivuli vyote vinalala upande mmoja, na hilo jicho linaliamini mara moja. Mchana jua linakuwa utosini na paa la behewa linatia giza magurudumu yote. Usizidishe robo saa, plastiki inapinda. Nyuma kukiwa na majengo, simamisha karatasi ya bluu isiyong'aa iwe anga, sentimita 30 kutoka ukingo wa meza, ili kivuli cha mikonge kisiangukie angani.

Mikonge yako umepanda kwa nafasi gani? Shambani kawaida ni mistari miwili miwili: mita 4, kisha mita 1, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Kwako ni milimita 46, 11.5 na 9. Mistari ikiwa sawasawa tupu, mtu wa Muheza atajua.

MwanaNgamiani
Asanteni sana. Mikonge niliipanda mistari sawasawa, nitaing'oa. Nimepiga kwa kimo cha milimita 20, tofauti ni kubwa mno. Ila sasa kokoto za reli zinaonekana kama mawe ya msingi wa nyumba, tena zinang'aa. Ni mchanga wa ufukweni.

Fundi wa Chumbageni
Kokoto ya kweli ni milimita 25 hadi 50, kwa hiyo kwako chembe iwe milimita 0.3 hadi 0.6. Mchanga wa pwani umejaa vipande vya kombe, ndivyo vinavyong'aa, na una chumvi inayovuta unyevu na kuchafua reli. Ung'oe. Tafuta vumbi la kokoto la mafundi wa matofali, chekecha kwa chujio la chai, osha mara tatu, kausha. Halafu pitisha sumaku, chembe za chuma zikiingia kwenye mota zinaiua.

Tandaza likiwa kavu. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka lilowe, ndipo udondoshee gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji 3, kwa bomba la sindano. Bila sabuni gundi inajikunja na kuviringisha chembe, unapata mashimo. Acha saa 24. Mbavu za reli zipake rangi ya kutu, juu futa kwa spiriti.

Bi Katani
Ukituma, tuma kama faili la dokumenti, WhatsApp isiibane picha. Zima kumbukumbu ya mahali (location) kwenye kamera, usigawe ramani ya nyumba yako. Na reli yako ni ya upana gani?

MwanaNgamiani
Milimita 16.5.

Mzee wa Behewa
Hiyo kwa 87 ni milimita 1,435, na njia ya Tanga ni ya mita moja. Reli ya milimita 12 ndiyo inayokaribia. Usibomoe, piga kwa ubavu, usipige ukiwa katikati ya reli, upana hautaonekana. Maelezo yaseme wazi: "1:87, reli ya 16.5." Taja na mwaka unaouigiza. Reli ilifika Mombo 1905, Moshi 1911, Arusha 1929, kwa hiyo bango la Arusha kwenye behewa la 1910 litaulizwa.