Faiba, modemu ya laini au dishi: ipi haikatiki usiku?

mwalimu_kimara (Jumapili, saa 4:10 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, kwa hiyo vipindi vyangu ni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Nina faiba ya nyumbani, huu mwaka wa pili. Mchana haina neno. Ikifika saa 1 usiku inaanza vituko: dakika ishirini ipo, dakika mbili haipo, inarudi, inakata tena. Jana niliganda mdomo wazi katikati ya neno "ng'ombe", mwanafunzi akadhani ndivyo linavyotamkwa.

Huduma kwa wateja nimepiga mara nne na jibu ni lile lile, zima, subiri dakika moja, washa. Nimechoka, nataka kuhama. Kuna jamaa anauza modemu ya laini, kuna wale wa dishi la juu ya bati wanaorusha kutoka mnara wao hapa kilimani, na mdogo wangu anasema ningoje setelaiti. Aliyetumia zaidi ya moja anipe ulinganisho wa kweli. Spidi sina shida nayo, kipindi cha video hakinimalizii hata megabiti 5. Shida yangu ni kukatika.

kijana_wa_bando
Hama dada. Faiba za mtaani ndivyo zilivyo. Mimi nina modemu ya laini tangu mwezi wa tatu: unaweka laini, unachomeka ukutani, kazi imeisha. Na nikihama chumba naibeba kwapani. Faiba utaibeba?

RuakaHewani
Salamu kutoka Kiambu. Ndugu yangu hapo juu hajakwambia saa mbili usiku huwa inakuwaje. Nilikaa na modemu ya laini mwaka mzima. Mchana ulikuwa unapata megabiti 60, jioni watu wakirudi kazini ploti nzima inaning'inia kwenye mnara mmoja na unabaki na tatu. Taa inasema umeunganishwa, lakini video inatetemeka kama picha za zamani. Kwa kazi yako wewe, mwalimu, hiyo ni sawa tu na kukatika.

Setelaiti naijua kwa sababu nilimwekea mama Kitui, Starlink ilipofunguliwa Kenya mwaka 2023. Kule hakuna faiba na mnara uko mbali, kwa hiyo ni mkombozi. Setelaiti zake zinapita kama kilomita 550 juu, si kama zile za zamani za karibu kilomita 36,000 ambazo ukisema "hujambo" unasubiri jibu kama barua. Lakini inataka kuona anga wazi kabisa. Mama ana mwembe upande mmoja, na kila setelaiti ikipita nyuma ya mwembe unapoteza sekunde mbili tatu. WhatsApp hata haijui. Mtu anayefundisha mubashara atajua. Jingine ni stima: dishi linakula kati ya wati 50 na 100 kutegemea toleo. Ruta ya faiba kwa kawaida haifiki hata 15. Stima ikipotea, kibetri kidogo hakitalibeba.

mpemba_mjini
Mie niko Unguja, natumia dishi la juu ya paa mwaka wa tatu huu. Nikwambie ukweli wake. Likifungwa vizuri na ukauona mnara kwa macho, ni zuri sana, wala halina msongamano wa laini za simu. Tabu yangu ilikuwa mnazi wa jirani. Upepo wa kusi ukianza, kuti linapita mbele ya dishi, linarudi, linapita tena, na mtandao unakwenda nalo hivyo hivyo. Fundi alikuja siku ya shwari akasema hapana tatizo. Akaja tena, shwari tena! Siku ya tatu nikampigia video nikimuonesha mnazi na ruta pamoja, ndipo akaliinua dishi futi nne.

Na chumvi ya bahari inakula maungio. Kila baada ya miezi kadhaa plagi ya waya inaota kutu ya kijani. Kimara bahari iko mbali, hilo pengine halikuhusu.

kijana_wa_bando
Na mvua je? Nasikia dishi likinyeshewa linakufa.

fundi_mawimbi
Hayo madishi madogo ya mtaani mengi yanatumia masafa ya gigahezi 5, na kwa umbali wa kilomita mbili tatu mvua yenyewe haiyakati. Kinachokata ni majani yaliyolowa, nguzo inayotikisika, na maji yaliyoingia kwenye plagi. Setelaiti ndiyo inayosumbuliwa na mvua kubwa, kwa sababu masafa yake ni ya juu zaidi.

Sasa mwalimu, nikurudie wewe. Wote tunakushauri uhamie wapi wakati hatujui inakatikia wapi. Ukihama na tatizo liko ndani ya nyumba, utahama nalo. Fanya hivi kesho kabla ya kipindi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua madirisha mawili meusi ya amri (Command Prompt). Tutatumia ping, amri ya kuuliza kifaa "upo?" na kungoja kijibu. La kwanza andika ping 192.168.1.1 -t (hiyo ndiyo anwani ya ruta nyingi, hakikisha kwenye kibandiko chini ya ruta yako). La pili andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni ya Google, iko nje kwenye intaneti). Yaache yote yaendelee huku unafundisha.

Ikikata, usiguse kitu. Soma. La kwanza likiendelea kujibu na la pili likafa, ruta yako ni nzima na shida iko nje, kwenye faiba au kwa mtoa huduma. Yakifa yote mawili, shida iko kati yako na ruta: WiFi, au ruta yenyewe. Yote mawili yakiwa yanajibu na bado kurasa hazifunguki, hapo ni majina ya tovuti tu, weka DNS (kitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) ya 1.1.1.1 uendelee na maisha.

Halafu ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute mstari wa "uptime", yaani imekaa imewaka kwa muda gani. Watu wengi hawauangalii huo mstari. Na uniambie taa za kile kisanduku cha faiba, kile kinachopokea waya wa faiba kabla ya ruta, zinakuwaje wakati imekata, hasa ile iliyoandikwa LOS, inayowaka mwanga wa faiba usipofika.

mwalimu_kimara (Jumatatu, saa 4:35 usiku)
Fundi, nimefanya. Imekata mara sita leo. Mara zote sita madirisha yote mawili yamekufa kwa pamoja, kama dakika mbili hivi, kisha yanafufuka. LOS haikuwaka hata mara moja. Na huo mstari wa uptime… nimeufungua saa 3 na dakika 20 ukasema dakika 6. Mimi ruta sijaizima tangu wiki iliyopita.

fundi_mawimbi
Basi mtoa huduma wako umemsingizia 😄 Ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, na zile dakika mbili ni muda wake wa kuamka. Igeuze usome chini inataka umeme kiasi gani, kisha soma kwenye adapta iliyochomekwa. Nipe namba zote.

mwalimu_kimara
Ruta: 12V 1.5A. Adapta yake: 12V 0.5A.
Kisanduku cha faiba: 12V 0.5A. Adapta yake: 12V 1.5A.
Jamani.
Nimekumbuka. Tulipaka rangi sebule mwezi uliopita, vitu vyote vilichomolewa. Tundu ni sawa, rangi ni nyeusi zote mbili. Aliyechomeka hakuwa na namna ya kujua. (Aliyechomeka ni mimi.)

kijana_wa_bando
Lakini mbona mchana ilikuwa inafanya kazi? Si ingekataa saa zote?

fundi_mawimbi
Mchana yuko peke yake na kompyuta moja, ruta inavuta umeme kidogo, adapta ndogo inajikongoja. Jioni watoto wamerudi, TV, simu tano, ruta inarusha WiFi kwa nguvu zote, inadai zaidi ya nusu ampea. Adapta inazidiwa, volti inashuka, ruta inazima. Huo ndio mtego wa tatizo la jioni, linafanana kabisa na msongamano wa mtandao, na ndiyo sababu watu wanahama kampuni tatu kwa kosa la adapta. Usitumie adapta yenye ampea pungufu. Iliyozidi ampea haina madhara, mradi volti ni ile ile na ncha ni ile ile.

mwalimu_kimara (Alhamisi, saa 3:50 usiku)
Marejesho. Jumanne nimebadilisha adapta, siku mbili kimya kabisa, uptime inasoma saa 49. Nilikuwa naandaa keki. Leo imekata tena mara moja, ila safari hii dirisha la kwanza limeendelea kujibu, la pili limekufa, na LOS imewaka nyekundu kama sekunde thelathini. Kumbe nilikuwa na magonjwa mawili?

fundi_mawimbi
Hutokea, la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku cha faiba, tafuta mwanga unaopokelewa, "Rx power". Itakuwa namba yenye alama ya kutoa, na kadiri inavyokuwa mbali na sifuri ndivyo mwanga ulivyo hafifu.

mwalimu_kimara
-28.1 dBm.

fundi_mawimbi
Uko ukingoni. Vifaa vingi vya nyumbani mwisho wake ni karibu na -27, na ukishuka chini ya hapo unaishi kwa bahati. -20 au -22 ingekuwa raha. Kabla ya kumwita mtu, ufuate ule waya mwembamba kutoka ukutani mpaka kwenye kisanduku. Faiba ni uzi wa kioo, ukikunjwa sana mwanga unavuja pale kwenye kona. Usiichomoe, usifute ncha kwa kanga, na usichungulie ndani yake, ule mwanga hauonekani lakini jicho linaumia.

mwalimu_kimara
Nimesogeza kabati la vyombo. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umeubana waya ukutani, umejikunja kama mkono wa mtu aliyelala vibaya. Hiyo nayo ni ya siku ya rangi. Nimeuachia, nimeuzungusha duara pana kama sahani. Sasa inasoma -22.4.

RuakaHewani
Haya, na ulinganisho uliouliza? Tumeishia kusogeza kabati.

fundi_mawimbi
Nitautoa wangu, wengine wanipinge. Kama faiba inafika mlangoni, kwa kutokatika hakuna inayoishinda, ikiwa imefungwa vizuri na ina kibetri cha 12V cha kuishikilia umeme ukienda. Modemu ya laini iwe ya akiba, au ya mpangaji anayehamahama kama kijana_wa_bando. Ukiinunua usitazame vimstari vya mawimbi, ingia ukurasani usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia: -85 ni nzuri, ukiona -110 umeiweka mahali pabaya. Isogeze dirishani, itoke chini ya bati. Kisha soma SINR, yaani mawimbi yako yanavyozidi kelele, usiku, si mchana. Ikishuka karibu na sifuri jioni, mnara wako una kelele na watu wengi, na kubadilisha modemu hakutakusaidia. Dishi la mtaani nalipenda pale faiba haijafika na mnara unauona bila mnazi. Setelaiti ni ya Kitui kwa mama, na ya shambani. Kwa hapa Bongo, kabla hujaagiza chombo nje uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kimeidhinishwa, kisije kikakaa bandarini.

mpemba_mjini
Nakubali, ila niongeze moja. Akiba isikudanganye. Mei 12, 2024 nilikuwa na dishi la kampuni moja na laini ya nyingine, nikajiona mjanja. Nyaya za baharini zinazotuunganisha na intaneti ya nje, EASSy na Seacom, zikakatika zote mbili siku hiyo hiyo, na vyote vyangu viwili vikalala pamoja. Kampuni mbalimbali, bahari moja.

fundi_mawimbi
Kweli kabisa. Siku ile hata ping ya 8.8.8.8 isingemwambia mwalimu kitu zaidi ya "iko nje". Ndiyo siku ya kuandika ujumbe mfupi na kuahirisha kipindi.

mwalimu_kimara (Jumapili, saa 4:20 usiku)
Siku tatu, hakuna hata mkato mmoja. Nimenunua kile kibetri cha 12V Kariakoo, na kabla ya kulipa nimesoma ampea mbele ya muuzaji mpaka akaniuliza kama mimi ni fundi. Adapta nimezibandika karatasi: RUTA, FAIBA. Yule wa dishi nimempigia asije kesho. Amenuna kidogo, alishanunua nguzo.