Tukalale Mikindani au Mtwara mjini? Tunaenda hifadhi ya Msimbati

Mtoto wa Masasi: Wakuu shikamooni. Nampeleka mama Msimbati akaione bahari. Hapendi kelele, anataka kulala karibu na maji. Wapi panafaa?

Baharia Mstaafu: Marahaba. Mikindani, bila kufikiria mara mbili. Basi la Masasi linapita hapo hapo kabla ya kufika mjini. Omba chumba cha ghorofani upande wa ghuba, upepo unaingia wenyewe, na angalia chandarua kabla ya kulipa. Ila ujue, maji yakitoka pale linabaki tope, na tope la mikoko lina harufu yake. Mimi naipenda, mke wangu hufunga dirisha. Alfajiri wavuvi wanarudi na pweza wanapigwa kwenye mawe, pa! pa! Hizo ndizo kelele pekee. Jioni mpandishe mama taratibu hadi Boma la Wajerumani, la 1895.

Dada wa Shangani: Kaka, mbona humwambii umbali? Msimbati ni ng'ambo ya mji, na njia ina mchanga. Waondoke asubuhi. Ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, tangu 2000, kwa hiyo kuna kiingilio.

Baharia Mstaafu: Kweli. Na wakwepe bamvua, siku za maji makubwa, mkondo una nguvu.

Mtoto wa Masasi: Asanteni. Mama anauliza, hao pweza wanauzwa?

Baharia Mstaafu: Wanauzwa. Awawahi wachuuzi tu.