Naomba ushauri: mkunga wa cheti anayetaka diploma

Salamu ndugu zangu, hasa dada na mama wakunga mliotangulia.

Mimi ni mkunga wa ngazi ya cheti, nipo kituo cha afya cha daraja la tatu upande wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Leseni yangu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga ni hai. Kazi naipenda, ila usiku mara nyingi nabaki peke yangu wodini, na uchungu ukikwama hapa hatuna chumba cha upasuaji. Ni kutafuta gari la wagonjwa na kuomba Mungu barabara iwe kavu. Nataka kujua zaidi, na mshahara wa diploma nao siukatai.

Najua diploma ya kujiendeleza huchukua mwaka mmoja na nusu. Niliandika barua wilayani kuomba ruhusa ya masomo, jibu likawa nisubiri. Mkuu wa kituo ananiunga mkono, lakini hana wa kuziba nafasi yangu. Shule moja ya binafsi imenikubali, ada yake ni nzito, na wenyewe wananisukuma nilipe upesi, jambo ambalo silipendi.

Mliopitia njia hii: wilaya iliwaruhusu kwa barua yenye maneno gani, na mshahara uliendelea mkiwa darasani? Pili, kwa anayetaka baadaye shahada ya ukunga kama ile ya Chuo Kikuu cha Lira, diploma hiyo inatosha kuombea nafasi, au watanidai cheti cha kidato cha sita, ambacho sina?