Mrejesho: Lile doa la duara kwenye kamera ya gama

Wadau, niliuliza kuhusu doa la duara lililofifia kwenye picha za mifupa za kamera yetu ya gama (inayonasa miale ya dawa ya mionzi iliyo mwilini mwa mgonjwa), pale pale kwa kila mgonjwa. Wengi mlisema kristali ya kamera, inayogeuza miale kuwa mwanga, imepasuka. Mmoja akasema nivue kolimeta (bamba la madini ya risasi lenye matundu, mbele ya kamera) kwanza, nipime kama picha inatoka sawa kote. Huyo ndiye niliyemsikiliza.

Tuliivua, tukaweka teknetiamu-99m (dawa ya mionzi) kidogo ndani ya sirinji, mbali na kamera kwa mara tano ya upana wa eneo linaloonwa. Doa likabaki, basi kolimeta haina hatia. Na kristali ikipasuka huacha ufa wenye kingo kali, si duara laini.

Fundi alifika Kisumu kwa basi la usiku (akadai samaki kabla ya kugusa chochote!). Alikuta mrija mmoja wa fotomaltiplaya (unaogeuza mwanga wa kristali kuwa umeme) umepungua nguvu: miale ya teknetiamu, yenye nishati ya keV 140, ilisomeka chini zaidi, mingi ikaangukia nje ya dirisha la asilimia 20 (masafa ya nishati ambayo kamera hukubali) na haikuhesabiwa. Akapandisha volteji, akasawazisha mirija yote. Doa limeisha.

Kinachoniuma ni kwamba bamba letu la kobalti-57, chanzo cha mionzi cha kupimia kamera, lilikuwa limelala stoo. Picha ya kila asubuhi ingetuonyesha mapema. Sasa tunaipiga kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tumeanza pia kusogeza kamera karibu kabisa na mwili, na mbavu zinahesabika.

Kimebaki kiyoyozi. Mchana joto la ziwani likipanda, usomaji wa nishati nao unayumba.