Binti yangu ameitwa vyuo viwili Marekani: aende kidogo au chenye jina?

MamaKofia_Langoni

Assalaam aleikum nduzangu. Naomba rai zenu, hasa nyinyi mliosoma ng'ambo. Zimebaki siku kumi na moja, na humu ndani usingizi umeadimika.

Kitindamimba wangu amekubaliwa vyuo viwili Marekani. Kimoja ni Cornell, jimbo la New York, kikubwa, jina lake latajwa kila mahali. Cha pili ni Mount Holyoke, Massachusetts, chuo cha wanawake tangu 1837, wanafunzi kiasi cha 2,200, karibu wote wa digrii ya kwanza. Ni katika vile vyuo ambavyo mtoto hafungwi na fani moja siku ya kwanza. Husoma sayansi, historia na lugha, kisha ndipo achague. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei.

Anachotaka yeye ni mikoko. Babake alikuwa akikata boriti, na serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018, sindano yangu ya kofia ndiyo iliyolisha nyumba hii. Mtoto alikuwa darasa la tano. Kila jioni akimwuliza babake: mkoko ukikatwa warudi baada ya miaka mingapi, na ni nani auhesabuye? Babake hakuwa na jibu. Swali hilo mtoto hajaliacha mpaka leo.

Ami yake aliyeko Mombasa ameshikilia Cornell. Asema kile kingine hajapata kukisikia, na mtoto hapelekwi kwenye theluji kwa jina lisilojulikana. Baada ya misaada yao, Cornell tunabakiwa na dola 6,800 kwa mwaka, Mount Holyoke dola 2,100. Ami ameahidi kuongeza, lakini kwa Cornell tu. Kofia moja ya viua yanichukua miezi miwili na nusu, basi mjue nikizitazama tarakimu hizo naona nini.

Lakini si pesa peke yake. Shule aliyosoma ilikuwa na hadubini moja, imefungiwa kabatini, na darasa la watoto sitini na tatu. Mwalimu wa bayolojia akampa yeye ufunguo. Jumamosi alikuwa akienda na chupa ya jemu yenye tope la pwani ya Wiyoni, hapa kwetu Lamu, arudi magoti meusi, hata chakula hataki mpaka anisimulie alichokiona. Ninachouliza ni hiki: huko aendako, ni wapi watampa ufunguo?

MtuWaMalindi

Wa aleikum salaam mama, shikamoo. Nilisoma chuo kikubwa chenye jina, sitakitaja. Mwaka wa kwanza kemia tulisomea kwenye ukumbi wa watu zaidi ya mia nne. Profesa nilimwona kama unavyomwona imamu siku ya Idi ukichelewa, ukaswali safu ya mwisho uwanjani. Mazoezi ya kila wiki tulisomeshwa na wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Wengine hodari, wengine wana haraka ya kurudi kwenye utafiti wao. Mwaka wa tatu nilipoomba barua ya kunipendekeza, profesa niliyepata A kwake aliniuliza jina mara mbili, na barua ikaja mistari mitano. Bado inaniuma.

Haki isemwe, jina lilinisaidia. Kampuni zilikuja zenyewe chuoni kutafuta watu, na maabara zilikuwa na kila chombo. Tena Cornell ina kitu cha bahari: wao na Chuo Kikuu cha New Hampshire wanaendesha Shoals Marine Laboratory, maabara iliyoko kisiwa cha Appledore, Maine. Akichagua Cornell, achague kwa sababu ya kisiwa hicho, si kwa sababu ya ami.

Na barua za msaada zisomeni neno kwa neno. Kuna ruzuku, kuna mkopo, kuna kazi ya chuoni, na viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Bima ya afya imo? Waandikieni Cornell muombe hesabu itazamwe upya. Si aibu, watu huomba.

BintiWaPate

Mama, mimi nilikwenda chuo kidogo, si hicho, lakini cha namna hiyo. Ufunguo nilipewa, tena wa kweli, wa chuma, mwaka wa kwanza mwezi wa nne. Sababu yake ni nyepesi: hakuna wanafunzi wa uzamifu, kwa hiyo profesa akifanya utafiti wake mikono anayoitegemea ni yetu. Likizo ya kiangazi nililipwa kuhesabu konokono wa maji.

Nisikufiche mengine. Mji wenyewe ni barabara moja na basi linalokatika mapema. Februari jua likitua bado una somo la jioni, na miezi mizima hukutani na mtu wa kukuamkia kwa Kiswahili. Nililia sana Ramadhani ya kwanza, nikifungua kwa tende peke yangu chumbani. Na kuna masomo niliyoyataka yakafundishwa mwaka mmoja ndiyo, mwaka mwingine hapana.

Hapo ndipo Mount Holyoke imezidi changu. Iko katika ushirika wa vyuo vitano vya jirani, na binti anaweza kuchukua masomo kwa wenzao, pamoja na UMass Amherst ambacho ni chuo kikuu kikubwa. Wana hata programu ya pamoja ya sayansi za pwani na bahari. Amherst College imo pia. Mwambie ami ndiko alikosoma Uhuru Kenyatta, nacho ni chuo kidogo vilevile.

MwalimuMstaafu_Mkomani

Bibi, mkumbushe shemeji yako Wangari Maathai. Alipokwenda Marekani mwaka 1960 hakuanzia chuo chenye sifa. Alianzia Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista. Hapo ndipo alipochukua digrii ya bayolojia mwaka 1964. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilikuja baadaye, kwa uzamili. Jina kubwa binti atalikuta kwenye digrii ya pili, tena akiwa na barua nzito mkononi.

MamaKofia_Langoni

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. BintiWaPate, hiyo Ramadhani yako imenitoa machozi, na tende nitamfungia za kutosha.

Barua tumezisoma upya kama alivyosema kijana wa Malindi. Kwenye ile ya Cornell mlikuwa na mkopo ambao hatukuuelewa, basi pengo ni kubwa kuliko nilivyoandika. Tumewaandikia, wamejibu kwa adabu na wameongeza kidogo. Nimemsomea ami majibu yenu yote kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza kama kweli Uhuru alisoma hapo jirani. Hajaahidi kitu.

Juzi binti alimwandikia mwalimu mmoja wa Mount Holyoke kumweleza mikoko yetu. Yule mwalimu akamjibu kwa maswali matatu, na la mwisho lilikuwa: visiki vya mikoko iliyokatwa vinaonyesha umri gani? Jana maji yalipokupwa tulikwenda kwa mashua ya jirani, sisi watatu. Babake akatembea mbele topeni akionyesha kwa kidole: huu nilikata mimi, mwaka uliotangulia marufuku, ule pale, kabla hujazaliwa. Binti nyuma yake na futi yangu ya kushonea, anapima chipukizi na kuandika. Mimi nimeshika viatu vyao.

Ijumaa baada ya swala tutawajibu Mount Holyoke.