Kizibao cha kufuma: paterni ni ya uzi mnene, uzi nilionao ni mwembamba. Nahesabuje?

Mfumaji_Njombe

Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Nataka kufuma kizibao cha mwanamke, shingo ya V, cha kuvaa juu ya shati. Paterni ninazozipata ni za Kiingereza na nyingi ni za uzi mnene: vitanzi 18 na mistari 24 kwa sm 10, sindano ya mm 5. Uzi uliopo madukani huku ni akriliki ya kawaida, ambayo kwa sindano ya mm 4 inanipa vitanzi 22 na mistari 30 kwa sm 10.

Vipimo vya mvaaji: kifua sm 98, mgongo kutoka bega hadi bega 36, kutoka mfupa wa bega hadi kwapani 20, urefu wa nguo 58.

Naomba kujua paterni nzuri zinatafutwa wapi, na nikiipata ya uzi mwingine naibadilishaje. Halafu hili la mwisho: kwa nini vizibao vingi vya kufuma vinaachama kwapani upande wa mbele, hata kama kifua kimekaa sawa?

---

UziNaSindano

Nianze na kutafuta. Ravelry ni tovuti ya paterni za kufuma, unajisajili bure. Usiandike tu neno kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia kwenye vichujio: chagua vizibao, chagua za bure, kisha chagua unene DK (double knitting, jina la unene wa uzi wako), maana vitanzi 22 kwa sindano ya mm 4 ndiyo DK yenyewe. Ukifungua paterni, ruka picha ya mbunifu. Nenda kwenye picha za watu walioifuma, utafute mwenye umbo linalokaribiana na la mvaaji wako, uangalie kwapa kwa ubavuni. Hapo ndipo paterni mbovu inapojianika.

Pa pili ni tovuti ya DROPS, ya kampuni ya Garnstudio ya Norway. Zote ni bure. Nyuzi zao wamezipanga kwa makundi ya herufi, na wewe uko kundi B. Chini ya kila paterni kuna mchoro wa nguo wenye vipimo vya sentimita kwa kila saizi. Paterni isiyo na mchoro wa aina hiyo usihangaike nayo, kwa sababu huwezi kujua kwapa lina kina gani mpaka umeshalifuma.

Mambo mawili yanayowaingiza watu mkenge. La kwanza ni namba za sindano. Namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni mm 4, namba 8 ya Marekani ni mm 5. Na za Uingereza zinakwenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Kijitabu cha zamani kikisema namba 10, ni mm 3.25. La pili ni saizi. Achana na S, M, L. Paterni hutoa kipimo cha mwili na kipimo cha nguo iliyokamilika, na wengi husoma kimoja wakidhani ni kingine. Kwa kizibao cha juu ya shati, nguo izidi mwili kwa sm 5 hadi 8.

Vifupisho vitakavyokusumbua ni vichache. k ni wazi (knit), p ni kinyume (purl). k2tog ni kufuma vitanzi viwili pamoja, na hulalia kulia; ssk nayo hupunguza kitanzi kimoja, ila hulalia kushoto. Ukivibadilisha, shingo ya V itakuwa na mstari safi upande mmoja na ngazi upande wa pili.

---

HesabuKwanza

Mkuu, usibadilishe paterni mstari kwa mstari, utachoka bure. Chukua umbo lake tu, namba uweke zako. Ila kabla ya yote, hizo 22 na 30 umezipata kwenye sampuli iliyofuliwa? Fuma kipande cha sm 15 kwa 15, kifue, kilaze kikauke, ndipo upime sm 10 za katikati. Pembeni vitanzi hujikunja na kukudanganya. Kosa la kitanzi kimoja tu kwa sm 10 kwenye nguo ya sm 104 ni karibu sm 5, yaani nafasi yako yote ya kupumua imeliwa.

Tuchukulie 22 na 30 ni za kweli. Maana yake kila sm 1 ina vitanzi 2.2 kwa upana na mistari 3 kwa urefu.

Upana: 98 na nafasi 6 ni 104, kwa hiyo nyuma 52 na mbele 52. Zidisha 52 kwa 2.2 upate 114, ongeza 2 vitakavyomezwa na mshono wa ubavuni: 116. Ribu (ufumaji wa michirizi ya wima inayovutika) ya wazi 2 kinyume 2 inataka mafungu ya 4 na 2 za ziada, kwa hiyo anzisha vitanzi 118 kwa sindano ya mm 3.25, fuma ribu sm 6, kisha hamia mm 4 na upunguze 2 kwenye mstari wa kwanza.

Urefu hadi kwapani: kina cha kwapa mwilini ni 20. Ongeza 2 kwa ajili ya shati na 2 kwa ajili ya ukingo wa ribu utakaofumwa mwishoni kuzunguka kwapa, ambao utaziba chini. Jumla 24, sawa na mistari 72. Mteremko wa bega ni sm 2. Kwa hiyo 58 toa 26, unafuma sm 32 (pamoja na ribu) kabla ya kukata kwapa.

Kwapa: mgongo 36, lakini ukingo wa kila upande utaongeza sm 2, hivyo kitambaa chenyewe kiwe 32. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafuma 36, wanaongeza ukingo, bega linaning'inia nje kama la nguo ya kuazima. Sm 32 ni vitanzi 70, na 2 vya kuokotea ukingo (yaani kuchomoa vitanzi vipya pembeni mwa kitambaa), 72. Unatoka 116 kwenda 72, yaani unaondoa 22 kila upande: funga 8, kisha 3, 2, 2, halafu punguza 1 mara 7 kila baada ya mstari mmoja. Hiyo ni mistari 22. Inayobaki 50 unapanda wima.

Juu: vitanzi 72 vigawe bega 18, shingo 36, bega 18. Bega lifungwe kwa hatua 3 za vitanzi 6 ili literemke. Ukilifunga mara moja bila mteremko, shingo ya nyuma itanyanyuka na nguo itavutwa kwenda mbele.

Shingo ya V: anza mstari uleule unaoanza kwapa. Gawa mbele katikati. Kila upande upoteze 18 shingoni: punguza mara 4 kila mstari wa 2, kisha mara 14 kila mstari wa 4. Jumla mistari 64, na 8 ya mwisho wima. Kumbuka kwapa na shingo vinapunguzwa kwa wakati mmoja. Paterni za Kiingereza huandika AT THE SAME TIME kwa herufi kubwa, na bado watu wanamaliza kwapa kwanza, wakifika juu wanagundua shingo haijaanza. Chora safu mbili kwenye karatasi ya miraba, moja ya kwapa na moja ya shingo, uwe unatia alama kila mstari.

Kuna njia ya mkato. 104 mara 2.2 ni vitanzi 229 kuzunguka. Kwenye paterni ya vitanzi 18, tafuta saizi yenye vitanzi karibu na hivyo; itakuwa ile ya nguo ya sm 127. Ifume hiyo kwa uzi wako, itatoka 104. Lakini pima urefu wote kwa sentimita, usihesabu mistari yao, la sivyo kwapa litatoka fupi au refu bila mpango. Na bega la saizi hiyo lilikusudiwa mtu mpana zaidi, kwa hiyo mgongo lazima uhesabu upya. Ndiyo maana mimi naona bora kuhesabu vyote tu.

Kiasi cha uzi: pima uzito wa ile sampuli ya 15 kwa 15. Ikiwa gramu 8, na nguo hii ina kama sm 5,300 za mraba, unapata gramu 190 hivi. Ongeza sehemu ya tano kwa ribu na mishono. Madonge 5 ya gramu 50 yanatosha, nunua la 6 la akiba. Yote yawe na namba moja ya upakaji rangi kwenye lebo. Mweusi wa leo na mweusi wa wiki ijayo si mweusi mmoja.

---

KwapaSafi

Nijibu la kuachama, maana hapo juu halijaguswa.

Nguo ikiwa mwilini, bana ule mfuko wa kwapani kwa vidole viwili. Mkunjo ukielekea kwenye ncha ya titi, tatizo ni urefu: kifua kimekula kitambaa cha mbele, kikakivuta juu, na ziada imekimbilia kwapani. Kupunguza vitanzi kwapani hakutasaidia, kutaifanya nguo ibane tu. Dawa ni mistari mifupi, yaani ile unayogeuka kabla ya kufika mwisho wa sindano. Pima kutoka bega hadi ukingo wa chini ukipitia juu ya titi, kisha pima vilevile mgongoni. Tofauti ikiwa sm 4, ni mistari 12 ya ziada upande wa mbele tu.

Kwa namba za HesabuKwanza: mbele ina 116. Titi hadi titi tuseme sm 20, vitanzi 44, kwa hiyo kila pembeni kuna 36. Mistari mifupi iishie sm 2 au 3 kabla ya ncha, basi tumia 30. Ukiwa umebakiza sm 3 kufika kwapani, fuma mpaka vimebaki 5, geuka. Mpaka vimebaki 5 upande wa pili, geuka. Kisha 10, 15, 20, 25, 30. Kila ukigeuka zungushia uzi kwenye kitanzi kinachofuata, na mwishoni ukipita fuma kitanzi na mzunguko wake pamoja, la sivyo yatabaki matundu yamejipanga kama ya kiatu cha kamba. Ubavuni mshono utalingana na wa nyuma kama kawaida.

Kama kitambaa kimekaa sawa ila ukingo wenyewe unajikunjakunja kama jani la figiri, hapo umeokota vitanzi vingi mno. Ukingo ukibana na kukata bega, umeokota vichache.

Na nyongeza: akriliki usiipige pasi. Moto unailegeza na haitarudi tena, ribu inabaki imelala kama kitambaa cha kudekia. Lowesha, kamua ndani ya taulo, laza, vuta ifike vipimo.

---

Mfumaji_Njombe

Nashukuru sana wote. Sasa ukingo wa kwapa na wa shingo niokote vitanzi vingapi?

---

KwapaSafi

Mkazo wako (vitanzi na mistari kwa sm 10) ni 22 kwa 30, yaani karibu robo tatu. Kwa hiyo pembeni okota 3 kwa kila mistari 4: okota tatu, ruka mmoja. Pale ulipofunga vitanzi, okota kimoja kwa kimoja.

Kwapa: chini 8 na 8, mbele 54, nyuma 54. Jumla 124, inagawanyika kwa 4, safi kwa ribu ya mzunguko. Sindano mm 3.25, mizunguko 6. Kama huna sindano ya mduara, okota kabla ya kushona ubavu na ufanye 126 ili pande zote mbili ziishie kwenye wazi 2.

Shingo: 54 kila upande wa mbele, 38 nyuma, na kitanzi 1 cha katikati kwenye ncha ya V. Jumla 147. Kitanzi cha katikati kiwe wazi siku zote, na kila upande wake uanze na kinyume 2. Kila mzunguko ukikifikia: hamisha 2 kwa pamoja bila kufuma (cha kabla yake na chenyewe), fuma 1, pitisha vile 2 juu yake. Ukiacha kupunguza hapo, ncha ya V itajikunja kwenda nje.

Funga kwa kufuata ribu, wazi kwa wazi, kinyume kwa kinyume, na usikaze mkono. Shingo ya V haina shida ya kupita kichwani, ila kwapa lililofungwa kwa kukaza litakatika uzi siku ya kwanza mtu akinyoosha mkono.